Kijana wangu anataka kwenda jeshi. Somalia tunapigania nini hasa?

MamaPipeline, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chai na chapati hapa steji ya Pipeline. Chuo cha kijeshi cha Lanet si mbali na kwetu, kwa hiyo wanajeshi si wageni kwangu. Nimewapikia miaka mingi na sina neno baya nao. Naandika kwa sababu kifungua mimba wangu amefika miaka 20, na wiki iliyopita ameniambia kwamba safari hii wakitangaza kuandikisha makurutu, yeye anaenda. Ameshaanza mazoezi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri anakimbia hadi Free Area na kurudi, anafika kibandani jasho linamtiririka, ananisaidia kukanda unga. Ananiomba baraka. Wiki nzima nimeshindwa kumjibu.

Nitawaambia kinachonizuia. Januari 2016 nilikuwa nimepanga kwenye ploti moja na mke wa mwanajeshi, mlango wake na wangu vinatazamana. Mumewe alikuwa Somalia. Ijumaa ile ya tarehe 15, kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ilipovamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab, habari zilitufikia kwa simu kabla hatujasikia lolote redioni. Yeye alichukua simu yake akaiweka ndani ya bakuli la bati juu ya kabati. Chumbani mwake mtandao ulishika hapo tu, na ndani ya bati ingelia kwa nguvu hata akiwa nje anafua. Simu ilikaa kwenye lile bakuli siku nane. Kila bakuli lilipotikisika, ploti nzima tulisimama tulivyo, mwenye sufuria mkononi, mwenye mtoto mgongoni. Siku mbili za kwanza walikuwa ni watu wa kwao wanauliza kama amesikia lolote. Baadaye hata hao waliacha kupiga, wakaogopa kumshtua.

Aliyemletea habari mwishowe simtaji, wala hilo silo lililonileta hapa. Lililonileta ni hesabu. Tarehe 27 mwezi ule kulikuwa na ibada ya kumbukumbu Eldoret, marais watatu wamesimama: wetu, wa Nigeria na wa Somalia. Mwezi uliofuata rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akasema kwenye televisheni kwamba wanajeshi wetu waliouawa El Adde walikuwa 180 au karibu 200. Wakubwa wetu wakakanusha, lakini hawakutoa hesabu yao. Hawajaitoa mpaka leo. Ilisemwa kuna uchunguzi, na matokeo yake hayakuwahi kutolewa kwa wananchi. Siku zile zile mwanahabari mmoja alikamatwa kwa kuandika mtandaoni kuhusu vita hivyo.

Sasa nawauliza nyinyi mnaofuatilia. Tulivuka mpaka Oktoba 2011, kijana wangu akiwa darasa la kwanza. Tuliambiwa tunafuata watekaji nyara. Halafu ikawa tunaenda kuteka Kismayo, mji wa bandari. Halafu tukaingia AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ikawa ATMIS mwaka 2022, na tangu Januari 2025 inaitwa AUSSOM. Lengo ni lipi, na siku likitimia tutajuaje? Nisipojua hilo, nitamwekea mtoto mkono kichwani nikisema nini?

Wafula_wa_Chwele, Bungoma

Mama, mpe kijana baraka zako. Watu wamesahau 2011 ilivyokuwa. Septemba mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu, kule Lamu, na mkewe akachukuliwa. Oktoba mosi mama Mfaransa, mlemavu, akabebwa kutoka nyumbani kwake kisiwa cha Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Siku chache baadaye wahudumu wawili Wahispania wa MSF, shirika la madaktari, wakatekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Binamu yangu alikuwa mpishi hotelini Lamu. Alirudi Chwele na mfuko mmoja wa nguo, hakuna mgeni, hakuna kazi, mwaka mzima akawa analima mahindi ya baba yake. Serikali ingefanya nini? Ikae iangalie?

Na Kismayo haikuwa jambo dogo. Bandari ile ndiyo iliyokuwa mfuko wa al-Shabaab. Jeshi letu liliwatoa pale mwishoni mwa Septemba 2012. Nyumba ya jirani ikiwaka moto na upepo unavuma kwako, huchukui ndoo ukakaa nayo mlangoni.

DerevaWaMaji, Gilgil

Mama, salamu, na pole kwa yale mliyoyapitia kwenye ploti. Mimi nimestaafu. Nilikuwa dereva wa lori la maji la jeshi huko Juba ya Chini, kusini mwa Somalia, kwa hiyo nitasema ya barabarani, ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu.

Wafula anasema kweli kuhusu 2011, na mimi nilivuka mpaka nikiamini hivyo hivyo. Mvua za vuli zilitukuta njiani, magari yakazama kwenye tope jeusi la Afmadow, tukasukuma kwa mabega. Hakuna aliyelalamika. Kismayo tulifika. Shida ilianza baada ya kufika.

Baada ya Kismayo kazi yetu ikawa kukaa. Kombania moja hapa, nyingine mbali kule, kila moja na boma lake la mifuko ya mchanga, waya na mahandaki. Ukiwa ndani ya boma uko salama kiasi. Lakini kambi haina kisima cha kutosha, lazima maji yaje, na maji yalikuja na mimi. Safari ambayo hapa Gilgil ningeimaliza kabla chai haijapoa ilikula siku nzima, kwa sababu mbele ya lori wahandisi walitembea kwa miguu wakitafuta mabomu yaliyofukiwa. Hatua kwa hatua. Mimi nafuata alama za matairi ya gari la mbele, nimeshika usukani mpaka vidole vinakufa ganzi, nyuma yangu maelfu ya lita zinacheza ndani ya tangi. Ukitoka langoni, nchi si yako tena. Kambi ni yetu, njia ni yao.

Siku moja malori ya raia yalikuwa yamesimama Dhobley, dereva mmoja Msomali akanionyesha karatasi aliyoikunja ndani ya plastiki pamoja na leseni. Risiti. Alikuwa amelipa ushuru kwenye kizuizi cha al-Shabaab, na kwa risiti ile kizuizi cha mbele hakikumtoza tena. Akaniambia vizuizi visivyo vya al-Shabaab vinamtoza bila karatasi, na akifika mbele anatozwa upya. Niliishika ile karatasi nikaitazama sana. Sisi tuna vifaru na mizinga, wao wana kitabu cha risiti, na mfanyabiashara anajua nani anatawala njia anayopita kila siku. Tangu siku ile nilielewa kwamba bandari tuliichukua lakini mfuko ulikuwa umehamia barabarani.

Kuhusu El Adde sitasema ya siri, nitasema yanayojulikana. Juni 2015 kambi ya Warundi iliangushwa Leego. Septemba mosi mwaka ule ule ikawa zamu ya Waganda, Janaale. Januari ikawa sisi. Mbinu ilikuwa moja: alfajiri, gari lililojazwa vilipuzi linapasua boma, wapiganaji kwa mamia wanaingia nyuma yake, na kambi iko peke yake, msaada uko mbali. Kati ya Leego na El Adde kulikuwa na zaidi ya miezi sita. Miezi sita inatosha kuhamisha kombania iliyo peke yake, au kuiongezea nguvu, au kuweka ndege mahali ambapo itafika kwa wakati. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha helikopta 12 kwa AMISOM tangu Februari 2012, na miaka ikapita askari wako ardhini na helikopta ziko kwenye karatasi. Na mwaka mmoja baada ya El Adde, tarehe 27 Januari 2017, kambi yetu ya Kulbiyow ikavamiwa, tena alfajiri, tena kwa magari ya mabomu.

Hapo ndipo nakubaliana nawe kuhusu hesabu, mama. Raia wanadhani hesabu ya waliokufa ni jambo la matanga tu. Kwa mwanajeshi hesabu ni somo. Ukificha wangapi walikufa, unaficha pia walikufaje, lango lilikuwa upande gani, taarifa ya mwisho ilitumwa saa ngapi na ikajibiwa saa ngapi. Aliye kwenye kambi inayofuata ndiye anayenyimwa somo hilo. Waganda walipovamiwa Bulo Marer Mei 2023, Museveni mwenyewe alisema wazi siku chache baadaye kwamba waliouawa ni 54, na kwamba makamanda walioamuru askari warudi nyuma watashtakiwa. Uganda haikuanguka kwa kusema hivyo.

Wafula_wa_Chwele, Bungoma

Afande, heshima kwako. Lakini nijibu hili: unataka tuondoke? Tukiondoka kesho nani anakaa pale?

DerevaWaMaji, Gilgil

Sijasema kuondoka kesho. Baada ya El Adde tulihama pale na tukahama Badhadhe pia, na al-Shabaab wakaingia. Kuna mzee alikuwa akituuzia maziwa ya ngamia kwa kibuyu, karibu na kambi moja niliyokuwa nikipeleka maji. Kambi zilipoanza kuhamishwa niliomba Mungu awe ameondoka mapema, kwa sababu anayeuzia jeshi maziwa anajulikana. Kwa hiyo naijua bei ya kuondoka vibaya. Ninachosema ni kwamba kukaa bila kushika njia, na bila serikali ya Wasomali wenyewe kuja nyuma yako na polisi, hakimu na daktari, ni kungoja siku ya kambi yako. Wahabeshi, yaani jeshi la Ethiopia, waliingia Mogadishu mwishoni mwa 2006 kwa nguvu kubwa kuliko yetu, wakatoka Januari 2009, na al-Shabaab walikuwa wameongezeka nguvu. Sisi tuliingia miaka miwili na ushee baadaye, kitabu hicho kikiwa mezani.

Ndugu Wafula, mpishi wa Lamu namuelewa. Lakini angalia Lamu yenyewe. Mpeketoni iko Lamu, na Juni 2014, miaka karibu mitatu tangu tuvuke, waliuawa zaidi ya watu 60 wakiwa majumbani na hotelini, wengine wanatazama mpira wa Kombe la Dunia.

Mwalimu_Nyalenda, Kisumu

Nimesoma nikashindwa kupita kimya.

Kuna binti nilimfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne. Mwandiko wake ulikuwa mdogo mno, nikawa namwambia nitanunua miwani kwa ajili yake tu, naye anacheka na kuandika vile vile. Alifaulu akaitwa Chuo Kikuu cha Garissa kusomea ualimu. Mama yake aliuza mbuzi wawili kwa nauli na godoro. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Pasaka, washambuliaji wanne wa al-Shabaab waliingia chuoni alfajiri. Kundi la wanafunzi waliokuwa kwenye sala ya asubuhi ndilo lililokutwa mwanzo. Waliokufa jumla ni 148. Binti yangu wa mwandiko mdogo ni mmoja wao.

Sasa sikilizeni serikali ilijibu vipi. Siku chache baadaye ndege zetu zilipiga kambi mbili za al-Shabaab huko Gedo, Somalia, za Gondodowe na Ismail. Tukaambiwa tumelipiza. Mimi nilikaa na gazeti, na katika gazeti lile lile ilikuwa imeandikwa kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Na baba yake alikuwa amekwenda mwenyewe kuripoti kwamba mwanawe amepotea na anahofia amevuka kwenda Somalia. Mzazi alifanya kila kitu ambacho serikali inawaomba wazazi wafanye. Alileta jina. Ndege ya kivita haiwezi kufanya kazi ambayo karatasi ya chifu ingefanya.

Na siku yenyewe mauaji yalianza kabla jua halijachomoza, lakini kikosi cha polisi cha Recce, ambacho ndicho kilichofunzwa kwa kazi hiyo, kilifika Garissa mchana na kumaliza kazi jioni. Tuna nguvu za kutosha kuishika sehemu ya nchi jirani kwa miaka, na hatuna ndege ya kuwatoa Nairobi askari wanaotakiwa Garissa asubuhi hiyo hiyo. Hili ndilo lawama langu kwa mkakati wote. Umeelekeza macho na fedha kwenye mpaka wa mbali ukasahau kwamba adui alikuwa akichagua vijana kutoka madarasani mwetu, pamoja na hao tunaowafundisha sisi.

Mama Pipeline, uliuliza lengo. Katiba, Ibara ya 240, inasema majeshi hupelekwa nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani kwa idhini ya Bunge, na kwamba Baraza la Usalama wa Taifa huripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Mwaka 2011 majeshi yalivuka kwanza, idhini ya kuingia AMISOM ikaja baadaye. Mbunge wako anakuja kula chapati zako wakati wa kampeni. Swali hilo ni lake.

DukaLaMitumba, Nakuru

Mimi nimezaliwa Mandera, biashara yangu iko hapa Nakuru miaka 14. Kwa kifupi tu. Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch ulipoanza, maelfu ya Wasomali walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye vitambulisho vya Kenya. Wiki ile nilifungua duka nusu mlango. Mteja wangu wa kila siku, mama wa Kikuyu anayenunua nguo za watoto, alikuja akakaa na mimi ndani, kimya, mpaka jioni.

Mnataka kujua nani aliwashinda al-Shabaab waziwazi? Desemba 2015 walisimamisha basi karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafa Januari 2016, siku chache baada ya El Adde. Basi lile halikuwa na mwanajeshi ndani. Mkakati unaowafanya watu kama Salah Farah washukiwe kwa sababu ya jina ni mkakati unaojikata mkono.

Wafula_wa_Chwele, Bungoma

Mwalimu, pole sana. Ile habari ya chifu nilikuwa siijui. Bado naamini ilikuwa lazima tuvuke. Lakini kwamba hadi leo hatujaambiwa wangapi walibaki El Adde, hapo sina la kutetea. Kwetu hata mtu akifa mbali sana, anatajwa jina lake matangani mbele ya watu.

MamaPipeline, Nakuru

Asanteni. Nimesoma yote mara mbili, kibanda kikiwa kimefungwa.

Jana usiku nilimpigia yule jirani yangu wa zamani. Siku hizi anaishi kwao Butere na wanawe wawili, mkubwa yuko kidato cha tatu. Nilimweleza kuhusu kijana wangu nikimtarajia aseme, usimwachie, mfungie ndani. Hakusema hivyo. Aliuliza anakimbia umbali gani, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema mumewe pia alikuwa akikimbia vile, na kwamba hajutii kuolewa na mwanajeshi. Anachotaka, alisema, ni mtu amsimulie asubuhi ile kuanzia mwanzo hadi mwisho: walikuwa wangapi, walipigana muda gani, waliomba msaada au hawakuomba. Mtoto wake mkubwa anamuuliza hivyo na yeye anabaki kurudia yale aliyoyaona kwenye simu za watu. Bakuli la bati bado analo, anawekea chumvi.

DerevaWaMaji, nitakuomba kitu kimoja kama hutajali. Kijana wangu nimemwonyesha ulichoandika kuhusu njia na risiti. Amesoma polepole, akaniuliza kama anaweza kukuuliza maswali mwenyewe. Jumapili hatuuzi. Ukipita Pipeline, chai ipo, na mimi nitakaa hapo hapo nisikie unavyomjibu kabla sijasema neno langu.

DerevaWaMaji, Gilgil

Jumapili baada ya ibada nitakuwa hapo, mama. Mwambie aandike maswali yake kwenye karatasi, asisahau hata moja.